Mkopo wa nyumba na jina lililochafuka CRB: jinsi ya kuupanga upya au kuuhamisha ukiwa Malindi au Lamu

Wanaokwama katika jambo hili hukwama mahali pamoja. Mtu ana mkopo wa nyumba unaomlemea, jina lake liko CRB, yaani kwa kampuni zinazotunza rekodi za ulipaji wa mikopo, anasikia benki fulani ina riba nafuu, anakimbilia huko na bahasha ya hati kwapani. Analipa mthamini, analipa ada ya maombi, anangoja wiki sita, anaambiwa haiwezekani. Anabisha mlango wa pili, jibu ni lile lile. Kufikia hapo ameshatumia pesa ambazo zingepunguza malimbikizo, na mkopo wa zamani umezidi kuoza.

Kazi imeanzwa kinyume. Benki mpya ni mlango wa mwisho. Kabla yake kuna ripoti ya CRB, kuna hesabu, na kuna benki yako ya sasa, ambayo watu wengi huikwepa kwa aibu ilhali ndiyo yenye sababu kubwa ya kukusikiliza.

## Barua ya notisi imeshafika? Soma hapa kwanza

Nyumba hainadiwi kwa barua moja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ukishachelewa mwezi mmoja mkopeshaji anaweza kukupa notisi ya kifungu cha 90, inayotaja kiasi unachodaiwa na kukupa muda usiopungua miezi mitatu kulipa. Muda huo ukipita bila malipo, anakupa notisi ya kuuza ya kifungu cha 96, siku 40. Baada yake madalali wa mnada hutoa notisi yao ya siku 45.

Zihesabu kuanzia siku ulipopokea barua, na uandike tarehe juu ya bahasha yenyewe. Ukiwa ndani ya ile miezi mitatu ya kwanza, mwongozo huu wote unakufaa. Ukiwa na notisi ya madalali mkononi, usianze kutafuta benki mpya, kwa sababu kuhamisha mkopo huchukua muda kuliko siku ulizobakiwa nazo. Nenda kwa wakili na kwa benki yako siku hiyo hiyo. Una haki ya kulipa deni na kuikomboa nyumba mpaka dakika ya mwisho kabla haijauzwa, lakini kubishania hesabu peke yake mara nyingi hakusimamishi mnada mahakamani.

## Kusanya hivi kabla ya kwenda popote

- Kitambulisho na PIN ya KRA, vyako na vya mwenzi wako.
- Ripoti zako za CRB, kutoka kwa kampuni zote tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo.
- Taarifa kamili ya mkopo wa nyumba tangu ulipoanza, pamoja na barua ya ofa ya awali.
- Taarifa ya benki na ya M-Pesa ya miezi 12. Sita haitoshi kwa mtu wa Pwani anayetegemea msimu, na sababu utaiona hatua ya nne.
- Hati za mshahara za miezi mitatu, au leseni ya biashara na marejesho ya kodi ya mapato kama umejiajiri.
- Nakala ya hati miliki, maana ya asili inashikwa na benki, pamoja na matokeo mapya ya upekuzi rasmi wa ardhi kupitia eCitizen.
- Risiti za reti za kaunti, na za kodi ya ardhi kama hati yako ni ya kukodi kwa miaka.
- Bima ya nyumba iliyo hai.

Viweke kwenye faili moja, kwa mpangilio huu. Ofisa wa mikopo anayepokea karatasi zilizokunjwa kwenye mfuko wa plastiki ameshaanza kukuhukumu, hata kama hasemi.

## Hatua ya 1: Soma ripoti ya CRB mstari kwa mstari

Una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila kampuni. Chukua zote tatu. Mkopeshaji mmoja anaweza kurekebisha taarifa zake kwa mmoja na kusahau kwa mwingine, na hujui benki unayoiendea inasoma ya nani. Kwa Metropol unaweza kuanzia kwenye simu kwa *433#. Alama zao huenda kutoka 200 hadi 900, na 400 kushuka chini humaanisha mtu aliyeshindwa kulipa.

Usiishie kwenye alama. Shuka kwenye orodha ya akaunti na uangalie mambo matatu kwa kila moja: kiasi, siku za kuchelewa, na hali. Mkopo uliochelewa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa umekufa, na hapo ndipo jina linapochafuka kwelikweli. Kwa hiyo mstari wa mkopo wa simu wa KSh 1,870 wenye siku 640 unaweza kukuumiza kuliko mkopo wa nyumba wa milioni tatu wenye siku 45. Wengi huujua mstari huo siku ya kukataliwa: mkopo wa simu uliochukuliwa Ramadhani ya mwaka juzi, laini ikapotea, deni likabaki linahesabu siku.

Ugawe uchafu huo mafungu matatu.

Kosa la kweli. Deni ulilolipa bado linaonekana, au deni si lako kabisa. Kumbuka pia kwamba mkopeshaji anatakiwa akuarifu siku 30 kabla ya kupeleka jina lako, na kwamba kiasi kisichofika KSh 1,000 hakipaswi kupelekwa kama taarifa mbaya. Andika malalamiko kwa mkopeshaji na kwa CRB, kila mmoja barua yake, uambatanishe risiti.

Deni la kweli ambalo ni dogo. Lilipe lote, kisha udai barua ya kuthibitisha umemaliza. Ujumbe wa simu wa "asante kwa malipo yako" hautoshi.

Dhamana. Ulimdhamini ndugu au mwenzio kwenye sacco, akaacha kulipa, likakurukia wewe. Hapa hakuna njia ya mkato. Zungumza na sacco kuhusu mpango wa malipo na uupate kwa maandishi.

Kama pesa hazitoshi kwa yote, mkopo wa nyumba utangulie. Uvute urudi chini ya siku 90 kwanza, ndipo ushughulikie ya simu. Ukilipa madeni saba madogo na kuuacha wa nyumba uvuke siku 90, umesafisha uani na kuacha ukumbi unawaka moto.

Onyo. Kulipa hakufuti historia. Taarifa mbaya hukaa miaka mitano baada ya deni kumalizwa, ila hali yake hubadilika na kusomeka kuwa limelipwa, na benki huzitazama hali hizo mbili kwa macho tofauti kabisa. Anayekwambia atakutoa CRB kwa elfu tano kupitia mtu wake wa ndani anataka elfu tano zako. Hana kingine.

Umefaulu ukiona: ripoti mpya ambayo haina mstari wowote mbaya ulio wazi, isipokuwa labda wa nyumba yenyewe, nao uko chini ya siku 90.

## Hatua ya 2: Idai taarifa ya deni na uikague

Iandikie benki yako uombe vitu vitano kwa maandishi: salio la mtaji (pesa yenyewe uliyokopa, bila riba), malimbikizo, faini zilizolundikwa, riba ya sasa na jinsi inavyopatikana, na gharama ya kufunga mkopo mapema.

Sasa kagua. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na riba ya asilimia 13 mpaka Agosti 2024, ikaishusha hatua kwa hatua hadi asilimia 9.5 Agosti 2025. Kama riba ya mkopo wako ni ya kupanda na kushuka, na ilipanda haraka wakati ule lakini haijashuka tangu hapo, uliza kwa nini, kwa barua. Kuna watu waliopata nafuu kwa swali hilo tu.

La pili ni kikomo cha riba kwa mkopo uliokufa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakufa, riba inayoendelea kudaiwa haiwezi kuzidi mtaji uliokuwa ukidaiwa siku ile. Mtaji ukiwa KSh 2,400,000 siku mkopo ulipokufa, riba itakayoongezwa haiwezi kupita KSh 2,400,000, yaani jumla ya KSh 4,800,000, na juu yake gharama za kufuatilia deni. Deni lako likisomeka zaidi ya hapo, mpelekee wakili hesabu hiyo kabla hujatia saini karatasi yoyote inayokubali kiasi cha benki. Ukishakubali deni kwa saini yako, kulipinga baadaye ni kupanda mnazi kwa mkono mmoja.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kumwamini mtu

Chukua mkopo uliobakiza KSh 3,000,000 na miaka 15, kwa riba ya asilimia 16. Malipo ya mwezi ni takriban KSh 44,060.

Ukiuhamisha kwa asilimia 13.5, miaka ile ile 15: malipo yanakuwa karibu KSh 38,950. Umeokoa KSh 5,110 kwa mwezi. Lakini kuhamisha kunagharimu: ada ya kufunga mapema kwa benki ya zamani, ada ya mkopo mpya, mthamini, mawakili, bima, na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya kiasi kinachowekewa rehani, ambao hapa ni KSh 3,000. Tuseme vyote vimefika KSh 170,000. Gawanya kwa 5,110: utarudisha gharama baada ya miezi 33 na kitu. Ukitarajia kuuza nyumba ndani ya miaka miwili, umefanya kazi ya bure.

Ukibaki ulipo na kurefusha muda kutoka miaka 15 hadi 20: malipo yanashuka hadi karibu KSh 41,740. Umeokoa KSh 2,320 tu kwa mwezi, na mpaka mwisho wa mkopo utakuwa umelipa kama milioni mbili zaidi. Kurefusha muda ndiyo dawa inayotolewa haraka kuliko zote, kwa kuwa benki haipotezi kitu. Ikubali pale tu ambapo hiyo elfu mbili ndiyo tofauti kati ya kulipa na kutolipa.

Ukiomba kulipa riba peke yake kwa muda: wengi hudhani ni nafuu kubwa. Kwa mkopo huu riba ya mwezi ni KSh 40,000. Utapumua KSh 4,060. Malipo ya mkopo ambao bado ni mchanga karibu yote ni riba, ndiyo maana ombi hili halisaidii kama linavyosikika.

Fanya hesabu hizi kwa namba zako. Kikokotoo cha mkopo kwenye simu kinatosha, ila weka gharama zote.

## Hatua ya 4: Benki yako ya sasa

Hapa ndipo jina lililochafuka linapodhuru kidogo kuliko kwingine kote. Benki hii tayari inakudai, rehani iko mikononi mwake, na kunadi nyumba kunaichosha. Mnada wa nyumba ndani ya mtaa wa kale wa Lamu huwavutia wanunuzi wachache, na nyumba ya Malindi ikiuzwa wakati wageni wameadimika huleta bei duni. Ofisa anayajua hayo.

Nenda kabla ya siku 90. Baada ya hapo faili mara nyingi huhamia idara ya madeni makao makuu, na meneja wa tawi anayekujua hana tena la kusema.

Usiende kulia shida. Nenda na pendekezo lenye namba na miezi. Kipato cha huku kina msimu: mwenye boti ya watalii, mpishi wa hoteli na mwenye vyumba vya kupangisha wote huvuna Desemba hadi Machi na tena Julai na Agosti, kisha Aprili hadi Juni mvua na kusi vinafunga bahari na hoteli. Taarifa ya miezi 12 inaonyesha mawimbi hayo waziwazi, ndiyo sababu ya kuibeba yote. Ombi zuri ni la malipo yanayofuata msimu. Mfano:

*"Kwa Meneja wa Mikopo. Naomba mkopo wangu wa nyumba upangwe upya. Malimbikizo ni KSh 66,000, nami niko tayari kulipa KSh 30,000 leo. Kila mwaka, Aprili hadi Juni, naomba kulipa KSh 22,000 kwa mwezi, na Agosti, Desemba na Januari nilipe KSh 66,000. Taarifa zangu za miezi 12 zimeambatanishwa zikionyesha kipato cha kila mwezi. Naomba pia faini za miezi mitatu iliyopita zifutwe. Naomba jibu kwa maandishi."*

Ile KSh 30,000 ya leo ina uzito kuliko maneno yote ya barua. Na ujue bei ya ombi lenyewe: ukilipa KSh 22,000 wakati riba ni KSh 40,000, zile 18,000 zinazobaki huongezwa kwenye deni. Ndiyo maana miezi ya mavuno lazima ifidie.

Piga muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yako. Makubaliano ya mdomo, hata na meneja mliyesoma naye madrasa moja, hayasomeki kwenye kompyuta ya makao makuu.

Kinachoharibika: mtu anapata mpango mpya, halafu anakosa malipo ya kwanza. Mpango unavunjika na hapati wa pili. Omba tarehe ya malipo iwe siku tatu baada ya mshahara kuingia.

Umefaulu ukiona: barua ya ofa mpya yenye ratiba, na mwezi unaofuata ripoti ya CRB haiongezi siku za kuchelewa. Wengi wanaweza kuishia hapa, na sioni sababu ya kuwasukuma mbele.

## Hatua ya 5: Kama ni lazima kuhama, chagua mlango mmoja

Kila unapoomba mkopo, ulizo la benki huandikwa kwenye ripoti yako. Maombi matano ndani ya mwezi mmoja yanasomeka kama mtu anayezama. Uliza kwa mdomo kwanza katika milango kadhaa, kisha omba rasmi katika mmoja tu.

Benki nyingine. Kuwa CRB peke yake hakupaswi kuwa sababu ya kukunyima mkopo. Benki inaweza kukupa kwa riba ya juu zaidi kulingana na hatari yako, na hapo urudie hesabu ya hatua ya tatu, maana riba nafuu ya kwenye bango huenda si yako. Ukikataliwa kwa sababu ya ripoti, dai benki ikwambie hivyo kwa maandishi.

Sacco yako. Inatazama akiba na wadhamini kuliko alama. Udhaifu wake ni muda mfupi wa kulipa, hivyo malipo ya mwezi yanaweza kupanda hata riba ikishuka. Inafaa kwa salio dogo lililobaki.

Benki za Kiislamu. Kwa anayekimbia riba, njia ya kawaida ni musharaka ya kupungua: benki inanunua sehemu ya nyumba, nawe unainunua kidogo kidogo huku ukilipa kodi ya sehemu yake. Nazo husoma CRB kama wenzao. Uliza mapema nani atalipa gharama za uhamisho, na kodi hiyo hupitiwa upya kila baada ya muda gani.

KMRC. Jina lake, kampuni ya kufadhili upya rehani, huwapotosha wengi wakafunga safari hadi Nairobi. KMRC hukopesha benki na sacco, haikopeshi mtu binafsi. Unachoweza kufanya ni kumuuliza mkopeshaji wako kama ana mikopo inayotokana na fedha zake.

Mwombaji mwenza husaidia sana, hasa mwenzi mwenye mshahara na ripoti safi. Mwelezeni ukweli wote kabla hajatia saini: deni litakuwa lake pia. Kwa mwenye pensheni ya kazini, sheria inaruhusu hadi asilimia 60 ya akiba yake iwe dhamana ya mkopo wa nyumba, na hili linaweza kuilegeza benki iliyosita.

Kama ni mwajiriwa, kumbuka pia kwamba makato yote kwenye mshahara hayawezi kuzidi theluthi mbili. Malipo mapya yakivuka hapo, ombi linakufa kwenye meza ya mwajiri.

## Hatua ya 6: Hakikisha nyumba yenyewe inakubalika

Maombi mengi ya Pwani hayaangushwi na CRB. Huangushwa na ardhi. Kwamba benki ya kwanza iliikubali nyumba miaka kumi iliyopita si hoja kwa wakili wa benki ya pili.

Hati za zamani. Hati zilizotolewa chini ya ile sheria ya zamani ya ardhi za Pwani, Sura ya 282, zinahamishiwa kwenye mfumo wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Uliza ofisi ya ardhi yako iko wapi katika zoezi hilo kabla ya kulipa mthamini.

Nyumba bila ardhi. Kama unamiliki kuta na unamlipa mwenye kiwanja kodi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya kale, benki nyingi hazitakuandikia rehani mpya. Usipoteze ada, rudi hatua ya nne.

Wakfu na mirathi. Ardhi ya wakfu haiuzwi, kwa hiyo haiwekewi rehani. Hati ikiwa bado kwa jina la marehemu, mirathi imalizwe kwanza, na Waislamu wanaweza kupitia Mahakama ya Kadhi.

Ardhi ya kilimo. Shamba la viungani huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kwa rehani mpya, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita ya makubaliano.

Mwenzi. Rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila saini au ridhaa ya mke au mume. Mwenye wake zaidi ya mmoja, sheria inamtazama yule anayeishi katika nyumba hiyo. Mwite mapema. Ridhaa inayotafutwa usiku wa kuamkia kutia saini hugeuka ugomvi.

Ndipo aje mthamini, ambaye lazima atoke kwenye orodha ya benki. Kwa Lamu, gharama ya safari yake hadi kisiwani iko juu yako, ipate kwa maandishi kabla hajapanda boti. Atatazama chumvi iliyopanda ukutani, boriti zilizoliwa, na paa. Paa la makuti hupunguza thamani, na bima yake ni ghali au haipatikani. Katika nyumba za kale kuna jambo jingine: wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kinaweza kuwa nje ya mipaka ya kiwanja kwenye ramani. Hapo mthamini hukitoa kwenye hesabu, hata kama ndicho chumba kizuri kuliko vyote. Piga chokaa kuta, badilisha boriti moja mbili, fagia dari. Ni gharama ndogo kwa faida yake.

Umefaulu ukiona: thamani kwenye ripoti inaacha nafasi ya kutosha juu ya deni. Ukidaiwa KSh 3,000,000 na nyumba ikathaminiwa KSh 3,300,000, tegemea kukataliwa, maana benki haikopeshi hadi ukingoni.

## Hatua ya 7: Isome barua ya ofa kabla ya kalamu

Tafuta mistari hii: riba ya kupanda na kushuka imefungwa kwa kipimo gani, na nyongeza ya benki ni asilimia ngapi, faini ya kuchelewa, ada ya kufunga mapema, na kama kuna mkopo wa ziada umebandikwa juu. Nyongeza ya "pesa kidogo za matumizi" ndiyo inayowarudisha watu CRB. Deni la nyumba lililogeuzwa pikipiki na harusi hubaki deni la nyumba, na nyumba ndiyo inayonadiwa.

Wanaopata nafuu ya kodi kwa riba ya nyumba, ambayo sasa inafika KSh 360,000 kwa mwaka, waulize kama riba ya mkopeshaji mpya inakubalika, kisha wapeleke hati mpya kwa mwajiri.

## Hatua ya 8: Kuhamisha rehani

Benki mbili haziaminiani, kwa hiyo mawakili hufanya kazi kwa ahadi za maandishi. Wakili wa benki mpya huahidi kulipa deni, benki ya zamani hutoa hati miliki na hati ya kuondoa rehani, rehani mpya husajiliwa baada ya ushuru wa stempu kulipwa, ndipo pesa zinapotoka. Jipe miezi mitatu.

Endelea kulipa benki ya zamani muda wote huo. Hili ndilo linaloangusha watu mlangoni. Mtu anaona ofa imetoka, anaacha kulipa akijua "inahamia kule". Uhamisho unachelewa wiki tano, malimbikizo yanaingia, benki mpya inasoma CRB kwa mara ya mwisho kabla ya kutoa pesa, na ofa inaondolewa. Pia salio linakua, kiasi kilichoahidiwa hakitoshi, na unaombwa ujazie pengo kwa pesa taslimu.

Usimwachie mtu yeyote fomu ya uhamisho wa ardhi uliyotia saini ikiwa tupu, iwe "ya kuharakisha" au "ya dhamana". Rehani na uhamisho ni karatasi mbili tofauti. Ya pili inamfanya mwingine kuwa mwenye nyumba.

## Hatua ya 9: Siku 60 baada ya pesa kutoka

Fanya upekuzi rasmi wa ardhi tena. Uone jina la benki mpya pekee. La zamani likiwa bado lipo, mrudie wakili wiki hiyo hiyo, kwa sababu kulitafuta baada ya miaka kumi huenda ukakuta tawi limefungwa na faili halijulikani liliko. Idai benki ya zamani barua ya kuthibitisha deni limemalizwa na taarifa inayosoma sifuri. Kisha chukua ripoti za CRB upya: mkopo wa zamani uonekane umefungwa, mpya uonekane unalipwa. Mkopo wa zamani ukibaki wazi na mpya ukaingia, unasomeka kama mtu mwenye nyumba moja na madeni mawili ya nyumba, na barua yako ya kwanza ya malalamiko iandikwe siku hiyo.